Kabari Kwanza, Salamu Baadaye

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa ya kufunga kazi, Mzee Kabari atavua ovaroli lake kwa mara ya mwisho baada ya kuitumikia huduma yetu ya malori kwa miaka thelathini na mmoja. Wapo watakaosema ameumaliza ujana wake chini ya magari ya watu, na hawatakuwa wamekosea. Wakumbuke tu kwamba magari hayo yaliondoka.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, dada wa chumba cha simu, kazi ya kuandika wasifu huu. Wanasema hakuna mtu kituoni aliyeongea naye sana kuliko mimi. Ni kweli, ingawa mazungumzo yetu mengi yalikuwa mimi kumwambia lori limekwama wapi, na yeye kujibu, "Natoka." Nimekubali. Mwenyewe ameniwekea sharti moja, nisimpambe. Nitajitahidi, lakini siahidi, maana leo kalamu iko mkononi mwangu.

Jambo moja liwekwe wazi mapema, kwa kuwa maneno ya pembeni yamekuwa mengi. Mzee Kabari aliombwa abaki. Ofisi kuu ilitaka aongeze mkataba na asimamie vituo vyote vya barabara hii, kuanzia huku kwetu mpaka bandarini. Akakataa. Hajachoka, na hajagombana na mtu. Mkewe anapoteza uwezo wa kuona, taratibu, kutoka pembeni kuja katikati, na kuna kitu kimoja anachotaka kukiona kabla macho hayajafungwa kabisa. Mzee ameamua kumpeleka akakione. Ameniruhusu niliandike hili. Mkewe naye ameniruhusu, ila kaniagiza nisiandike kwa kulialia. Basi nimeliandika, tuendelee.

Wengi wenu mnamjua kama msimamizi wa kituo, mtu wa miwani iliyofungwa kwa waya na chaki ya kuwekea alama sikioni. Hakuanza hivyo. Alianza na kibanda cha pancha pale malori yanapopumzika kabla ya kuukabili mlima. Alikuwa na jeki moja, mashine ya upepo iliyokohoa kuliko injini za wateja wake, na maneno machache. Malori yalikuja kutoka bandarini na kontena mgongoni, yakielekea mbali huko ndani, na mengi yalizimika hapo hapo miguuni pa mlima. Madereva walikuwa wakisubiri fundi atoke mjini, siku nzima, wakati mwingine na kesho yake, wakifua na kupika kwenye kivuli cha matela yao. Kampuni ilipoanzisha huduma ya kuwafuata waliokwama huko huko walikokwamia, huyu fundi pancha alikuwa wa kwanza kuajiriwa. Meneja wa wakati ule hakuficha sababu. Mtu mwenyewe alikuwa tayari yupo pale.

Akaanza kama msaidizi kwenye gari la huduma. Akajifunza breki za upepo, springi, ekseli na umeme, mengine kwa kufundishwa na mengine kwa kuunguza vidole. Akapewa gari lake. Baadaye akakabidhiwa lile lori kubwa la winchi, ambalo hakuwahi kuliruhusu liondoke bila kulizunguka mara mbili akiligusagusa matairi. Mwishowe akafanywa msimamizi, cheo ambacho alikipokea akiwa amekunja uso, akauliza kama msimamizi bado anaruhusiwa kwenda barabarani. Alipoambiwa anaruhusiwa, akakubali.

Sasa tuje kwenye jina. Wageni hudhani aliitwa Kabari kwa ugumu wa kichwa. Hapana, japo kichwa nacho hakijambo. Kabari tunayoisema hapa ni kile kipande cha mti mgumu, kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, kinachosukumwa nyuma ya gurudumu ili gari lisirudi. Kila lori linatakiwa kuwa nayo. Kila dereva atakuapia kwamba anayo, na ukimwambia aitoe, utamwona anainama kutafuta jiwe.

Katika mwaka wake wa kwanza akiwa na gari lake la huduma, gari jipya ambalo alikuwa akilipangusa vumbi hata mvua inaponyesha, aliitwa mlimani. Lori lilikuwa limepoteza upepo wa breki katikati ya mpando. Alipofika akakuta dereva ni kaka mkubwa wa mkewe. Ndoa ilikuwa bado changa. Sasa mnajua wenyewe, shemeji mkubwa hasalimiwi juu juu. Huwezi kumpita mtu kama huyo ukaenda kukagua gurudumu, kana kwamba umepishana na nguzo. Fundi akavua kofia. Akampa mkono kwa mikono miwili. Akauliza habari za nyumbani, za mama mkwe, za watoto, za safari, za mvua. Shemeji, ambaye madereva wenzake humwita Mpole kwa mwendo wake na kwa tabia yake, akalijibu kila swali kwa ukamilifu, kisha akaanza kuuliza ya kwake. Walikuwa wamefika kwenye mguu wa mama mkwe, ambao ulikuwa ukimsumbua siku hizo, tela lilipoanza kurudi nyuma.

Lilirudi polepole, bila fujo. Wote wawili walilitazama wakiwa bado wameshikana mikono. Likalikumba lile gari jipya la huduma, likalisukuma mpaka mtaroni, likaegemea juu yake na kutulia. Hakuna aliyeumia hata ukucha. Mpole akasema, "Shemeji, gari lako." Fundi akajibu, "Nimeliona." Hayo ndiyo yaliyosemwa siku ile.

Mzee akisimulia habari ya gari, hucheka mpaka machozi, nasi huvunjika mbavu. Lakini kisa kina sehemu ya pili, na hiyo haichekeshi. Utingo wa Mpole, mtu mzima mwenye familia yake, alikuwa ameketi nyuma ya tela lile lile, kwenye ukingo wa mtaro, akila mkate. Aliinuka kwenda kuchota maji tu basi. Angekuwa na maji kwenye dumu lake asingeinuka. Mzee akifika hapo huvua miwani akaifuta, na mtu yeyote mwenye akili hubadilisha mazungumzo.

Kuanzia siku hiyo alijiwekea utaratibu, na hakuuvunja tena. Akifika kwa lori lililokwama, anashuka na kabari mkononi, anakwenda moja kwa moja kwenye gurudumu, anaisukuma, anaigonga kwa nyundo, anaitikisa kuona kama imeshika. Ndipo anageuka kumtazama mtu. Awe dereva, awe mwenye mali, awe meneja wetu, salamu yake itasubiri gurudumu. Katika nchi ya watu wanaosalimiana kama sisi, hilo halikuwa jambo dogo. Dereva mmoja mwenye kitambi na heshima zake alifunga safari mpaka ofisini kulalamika. "Huyo fundi wenu amenipita kama mimi ni tawi la mti," alisema, na aliposema hivyo alikuwa ametengenezewa gari lake na linanguruma hapo nje.

Tusimwonee lakini. Akishaigonga kabari yake, Mzee husalimia, na tena husalimia kwa kufidia. Hufuta mikono, hutoa mkono, huuliza umelala wapi, umekula nini, watoto hawajambo, mzigo wa nini, na nyumbani wanajua umekwama? Swali hilo la mwisho ndilo madereva walilolikumbuka. Wengine hawakuwa wameliwaza mpaka walipoulizwa. Alikuwa akisimama pembeni wakati dereva anampigia mkewe au mama yake, na hakushika spana mpaka simu ikatwe. Vijana wetu waliona huko ni kupoteza muda. Yeye alisema mtu ambaye nyumbani wanamngoja bila habari hawezi kukushikia taa vizuri.

Hata mimi yalinifika. Nilikuwa mgeni kazini, nimefundishwa kupokea simu kwa sauti ya tabasamu, Mzee alipoingia chumbani kwangu akasimama mlangoni.

"Dada, ukipokea simu ya aliyekwama, usimsalimie. Muulize kwanza kama ameweka kabari."

"Nitaonekana sina adabu, kaka."

"Onekana," akasema, akaenda zake.

Basi nikaonekana. Nilitukanwa na madereva wa kila lugha inayopita kwenye barabara hii. Mmoja aliniuliza kama nimelelewa na mama wa kambo. Lakini taratibu mambo yakageuka, na siku hizi mtu akipiga simu, kabla sijafungua mdomo nasikia, "Kabari nimeweka, dada, habari za asubuhi?" Wapo wanaopiga kutoka vipande vya barabara ambavyo si vyetu kabisa, na wao husema hivyo hivyo. Hakuna tangazo lililowahi kubandikwa. Ni wao kwa wao tu, kwenye vituo vya chai na kwenye foleni za mizani, wakiambizana kwamba ukimpigia yule dada mkali lazima uanze na kabari.

Visa vya Mzee ni vingi, nami nimepewa kurasa chache. Nitaje viwili. Cha kwanza ni lori la vifaranga. Redieta ilipasuka wakati wa jua kali, na nyuma kulikuwa na maboksi ya vifaranga yaliyopangwa hadi juu, yote yanalia kwa pamoja. Mzee aliweka kabari, akamsalimia dereva kwa sauti ya kushindana na vifaranga, kisha badala ya kufungua boneti akafungua turubai. Aliwashusha wasaidizi wote, na madereva wawili waliokuwa wakipita, wakayahamishia maboksi uvunguni mwa tela penye kivuli, wakayapepea kwa vipande vya katoni. Ndipo akaenda kwenye redieta. Alirudi kituoni na kifaranga kimoja kilichokuwa kimeponyoka kikaingia mfukoni mwake bila kuonekana, na akakasirika kweli tulipocheka, maana ilibidi akirudishe.

Cha pili ni cha yule dereva aliyepiga simu akisema injini imekufa ghafla. Mzee alipofika aligundua mara moja kwamba dizeli ilikuwa imekwisha. Kijiji kizima cha madereva kilikuwa kimekusanyika pale, kila mmoja na ushauri wake, na mhusika mwenyewe anatokwa jasho. Mzee akakunja mikono ya ovaroli lake. Akafungua boneti, akainama humo kwa muda wa kutosha, akagongagonga kitu ambacho hakikuhitaji kugongwa, akamwambia msaidizi wake alete dumu "la kusafishia mfumo." Lori likawaka. Watu wakapiga makofi. Nimekisimulia bila kumtaja dereva, na Mzee hajawahi kumtaja, ingawa mwenyewe huwa anajitaja kila akipita hapa.

Kuna na jambo dogo la mawe. Madereva wakikwama hupanga mawe na matawi barabarani kuwaonya wenzao, na wakiondoka huyaacha yalipo. Mzee hakuondoka mahali mpaka jiwe la mwisho limerudishwa kando. Vijana waliochoka, wenye njaa, walilazimika kurudi kwa miguu kuokota mawe ambayo hawakuyaweka. Walimnung'unikia sana. Leo wao ndio mafundi wakuu, na nimewasikia kwa masikio yangu wakiwafokea wengine kuhusu mawe.

Sasa niseme habari za mkewe, kwa sababu huwezi kumwandika mmoja ukamwacha mwingine. Mimi humwita wifi, vijana humwita mama, na ni fundi cherehani. Maovaroli yetu yote yametoka mikononi mwake, tangu yale ya kwanza ya kijivu. Mfuko ule wa mkono wa kushoto ni wazo lake, alipochoka kufua nguo zenye spana ndani. Vizibao vyetu vya usalama, vyenye utepe unaong'aa ukimulikwa na taa za magari, pia ni vyake. Ana mdomo mwepesi wa utani, na mtu asiyemjua vizuri anaweza kudhani hana la kumsumbua.

Mwaka jana vilipoletwa vizibao vipya, kimoja utepe wake ulikuwa umekwenda upande. Mzee akakichukua yeye. Mara nyingine vikaja vitatu vya namna hiyo. Vijana wakatania kwamba mama siku hizi anashona huku anatembea. Mzee akacheka nao, akavichukua vyote vitatu. Kisha siku moja akaja amevaa kizibao kilichoshonwa utepe kwa ndani, upande usioonekana kabisa. Hakuna aliyecheka. Barabarani alivaa cha zamani juu yake, kwa sababu si mtu wa kucheza na usalama, lakini akirudi kituoni alikivua kile cha juu na kubaki na cha wifi. Nikamwomba nikifumue nikishone upya. "Acha," akasema. "Akijua tunafumua, ataacha kushona."

Daktari aliwaeleza kwamba ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Kuna dawa ya matone, ya asubuhi na jioni, ya kuzuia kilichobaki kisiende. Wifi alitoka hapo amenyong'onyea, akisema dawa isiyoponya ni dawa gani. Mzee akamjibu wakiwa bado kwenye korido ya hospitali. "Hiyo ni kabari, mama. Haipandishi gari mlima. Inalizuia lisirudi."

Walipofika nyumbani hakukaa. Alitoa kigoda njiani, akasogeza jiko, akafunga kamba kutoka mlangoni hadi bafuni. Akatoa kwenye mkoba wake ule utepe mwekundu na mweupe tunaobandika kwenye matela, akaubandika kwenye kila ngazi, kwenye pembe za meza, kwenye ukingo wa kitanda. Wifi alikuwa amesimama katikati ya chumba akisikiliza sauti ya utepe ukikatwa, akiwa na mengi ya kusema na hana wa kumwambia. Mzee alipomaliza ndipo akaja, akamshika mikono yote miwili, wakaketi, wakalia. Wifi mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Akamalizia kwa kusema nyumba yake sasa inasubiri tu namba za usajili.

Kitu anachotaka kukiona ni bandari. Si kwa sababu ya bahari. Anataka kuona meli na zile winchi zinazoshusha kontena. "Nimeshindana nazo kontena tangu nilipoolewa," alinieleza. "Zimeniondolea mume mezani chakula kikiwa cha moto. Nataka nikaone zinakotoka, nizitazame usoni." Mzee alimwahidi kumpeleka wangali vijana. Kila likizo ilipokaribia, kitu kilitokea. Mara mvua imekata barabara na malori yamerundikana. Mara fundi mwenzake anaumwa. Likizo ya mwisho walikuwa wamefungasha kabisa, wifi ameketi kitandani na mkoba mapajani, viatu miguuni, niliposikia mwenyewe sauti ya Mzee kwenye simu ikisema, "Natoka." Lilikuwa lori la mafuta limelala upande wake karibu na shule. Hakuna ambaye angesema asiende. Wifi alivua viatu, akaufungua mkoba, akarudisha nguo kabatini. Wakati ule alikuwa bado anaona vizuri.

Kwa hiyo ofisi kuu ilipopiga simu kuhusu mkataba mpya, ilimkuta mtu aliyekwisha kuamua. Simu iliingia kwangu, nikamwita. Aliichukua amesimama, akasema, "Hapana, siongezi." Halafu ndipo akawasalimia. Akauliza hali za watu wa kule mmoja mmoja, na watoto wao, na ujenzi wa ofisi mpya umefikia wapi. Mkurugenzi alinipigia baadaye kuniuliza kama Mzee amekasirishwa na jambo.  Hata sisi hapa kituoni tulinuna. Msongamano wa malori umezidi, mafundi hawatoshi, na mtu tunayemtegemea anatuaga bila maelezo! Siku kadhaa tulimpita kwenye korido tukiwa tumevuta midomo. Alipotueleza habari za wifi, tulielewa kwamba alikuwa ametufanyia vile anavyomfanyia kila mtu. Kuna gurudumu lilikuwa limeanza kurudi, na alikuwa ameshika kabari. Salamu zetu zilibidi zisubiri.

Safari ni Jumatatu baada ya sherehe. Atakayewapeleka ni Mpole, shemeji yule yule, ambaye sasa nywele zake zote ni nyeupe na mwendo wake umezidi kuwa wa pole. Anashuka bandarini kuchukua mzigo, na mwenye lori ameridhia abebe dada yake na shemeji yake kwenye kichwa cha lori. Mafundi wetu wamelikagua lori hilo mpaka Mpole akauliza kama linakwenda bandarini au mbinguni. Daktari amesema wasichelewe. Wifi bado anaona sehemu ya katikati, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Nilipomuuliza kama itatosha, alinishangaa. "Meli si kubwa? Hata kwenye bomba itaingia."

Lakini juzi alinivuta pembeni, na sauti haikuwa ya utani. Aliniuliza, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua simu zinavyoingia, kama ninaweza kumhakikishia kwamba safari hii hakuna atakayempigia Mzee. Anaogopa kuvua viatu tena. Nikamwambia nitakachokiandika hapa ili kila mtu akisome na asije akajifanya hakujua. Kuanzia Ijumaa hiyo saa ya kufunga kazi, namba ya Mzee Kabari itakuwa imeondolewa ukutani kwangu. Atakayemtafuta kwa sababu ya lori lolote, hata likiwa limelala barabara nzima, atanikuta mimi kwanza. Mafundi ninyi mpo, na amewafundisha. Kazi aliyoiacha ni yetu.

Tulitaka kuitundika kabari yake ya kwanza, ile aliyoichonga mwenyewe kutokana na ubao wa gari lile lililosagwa mtaroni, kwenye ukuta wa mapokezi. Amekataa. Anasema ukutani haitazuia kitu. Imerudishwa kwenye lori la winchi, mahali pake chini ya kiti, na leo asubuhi ilikuwa kazini. Kwenye sherehe pia hataki shada wala joho. Atavaa kile kizibao chenye utepe uliokwenda upande, na anayetaka kucheka amepewa ruhusa, kwa sababu aliyekishona atakuwa ameketi mstari wa mbele na atacheka naye.

Mzee Kabari, kwa niaba ya wote uliowatoa njiani, wale unaowakumbuka na wale ambao hamkuonana tena, asante. Asante kwa kila mtu aliyefika nyumbani kwa sababu wewe ulimfikia kwanza. Asante kwa mawe tuliyoyaokota huku tukikulaani moyoni. Wifi, asante kwa chakula ulichokipasha moto mara nyingi kuliko anavyotakiwa mtu yeyote, na utusamehe kwa mume tuliyekuwa tukikuazima bila kukuomba. Nendeni salama, mkapumzike vyema, na siku zenu za huko mbele ziwe na nafasi ya kutosha.

Na mkikwama njiani, maana lori ni lori, pigeni namba mnayoijua. Kaka, nitakayepokea ni mimi, na sitakusalimia. Nitakuuliza kama umeweka kabari. Ukishanijibu kwamba imeshika, mpe wifi simu. Ninataka aniambie mwenyewe anaona nini.